Boliti za Kila Mtu

Mbao ndizo walizoanza nazo, kwa sababu mbao zilikuwepo. Nyuma ya maabara ya shule yao ya kutwa, kando ya barabara ya Mosocho, kulikuwa na vipande vilivyobaki madawati yalipotengenezwa, na Mwalimu Nyangau wa fizikia aliwaambia wachukue watakavyo mradi wasimwachie vumbi la msumeno mlangoni. Nyaboke akakata, Ouko akapigilia misumari. Mwisho wa juma walikuwa na kitu cha magurudumu manne chenye kikapu mgongoni, kizito kama kitanda cha mgonjwa.

Wote wawili walikuwa kidato cha tatu. Nyaboke alikuwa msichana mwembamba wa maneno machache, aliyelelewa na nyanya yake, Bonareri. Ouko alikuwa na maneno ya kuwatosha wawili. Wazazi wake walitoka upande wa ziwani na kuhamia Kisii baba yake alipopata kazi posta, naye Ouko alikisema Kikisii kwa haraka na kwa makosa, akicheka makosa yake mwenyewe kabla mtu hajamcheka.

Wazo la roboti lilikuwa la Nyaboke. Shamba la nyanya yake lilikuwa bondeni, na kituo cha kupimia majani chai kilikuwa juu kabisa ya kilima. Kila siku ya kuchuma, mama yule alijitwika kikapu mgongoni na kupanda nacho, akisimama hapa na pale kujitia kwamba anasalimiana na watu, kumbe anatafuta pumzi. Nyaboke alikuwa ameligundua hilo zamani, lakini hakuwahi kulitaja, maana nyanya asingependa lijulikane. Mwaka ule wa tisini na sita yalipotangazwa mashindano ya sayansi ya wilaya, ndipo alipomwambia Ouko.

"Kitu cha kupanda kilima na kikapu."

"Na ikishafika juu?"

"Imwage majani. Halafu irudi yenyewe."

"Yenyewe? Basi hiyo si toroli, hiyo ni roboti. Maze, Nyaboke, wewe hunyamaza hivyo kumbe kichwani kuna kiwanda!"

Atakayeshinda angepelekwa Kisumu kwenye mashindano ya mkoa, na Ouko alikuwa tayari amechagua shati la kuvaa huko. Nyaboke hakuwaza Kisumu. Alitaka jambo moja: nyanya yake aje ukumbini mjini, aketi kwenye kiti, aone majani chai yakipanda kilima bila mgongo wa mtu.

Mota waliipata gerejini kwa mjomba wa Ouko. Ilikuwa ile inayosukuma waipa za kufuta mvua kwenye kioo cha gari. Betri aliwaazima Mwalimu Nyangau, na ilikuwa ndiyo betri iliyowasha televisheni nyumbani kwake. Hakuwaambia hivyo. Walikuja kujua tu pale mtoto wake mdogo alipomuuliza Ouko njiani kwa heshima roboti itamaliza lini kutazama televisheni yao.

Basi wakaiwasha roboti ya mbao. Mota ikanguruma, waya zikapata moto, magurudumu yakakaa pale pale.

"Imekataa," Ouko akasema.

"Haijakataa. Imelemewa," Nyaboke akajibu, na akasikitika kana kwamba wamemtwika mtu mzigo usio wake.

Wakajaribu mabati. Walipata kipande kilichotolewa kwenye paa la jiko la zamani, chepesi kuliko mbao, lakini kilijipinda kila walipokitia uzito, na kingo zake zilikata kama wembe. Ouko ndiye aliyekishika kila mara Nyaboke alipokuwa akikikata, na alikishika upande wa makali. Nyaboke aliliona hilo siku ya pili tu, alipoona vidole vya mwenzake vimefungwa vitambaa. Alipomwuliza, Ouko alidai ameumwa na paka.

Aliyewaokoa ni Esnah, mpishi wa walimu. Siku moja aliwakuta wamejiinamia juu ya lile bati, akawaangalia, akarudi jikoni na kutoka na sufuria kubwa iliyotoboka kitako.

"Nilitaka kupandia maua," akasema. "Lakini maua hayaendi mashindanoni. Chukueni."

Nyaboke aliiinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa pana karibu kama meza ya mwalimu, na bado aliiinua kwa mkono mmoja! Waliikata, wakaiponda kwa nyundo ya mbao hadi ikanyooka, wakapata bamba jeupe, jepesi, lisiloshika kutu. Kwa miguu, mikono na kichwa cha roboti wakatumia mirija ya erio, yaani antena, ya televisheni iliyoangushwa na upepo nyumbani kwa kina Ouko. Magurudumu waliyachonga kwa mbao nyepesi, wakayavisha mpira wa slipa kuukuu ili yang'ang'anie mlima. Kitu chote sasa kilikuwa chepesi kama kuku.

Kilichobaki ni kukiunganisha.

"Kwa nini msitumie misumari?" Mwalimu Nyangau akawauliza, ingawa alijua jibu. Alikuwa na tabia ya kuuliza hivyo, akisubiri huku amefunga macho.

"Mota inatetemeka, Mwalimu. Itaichomoa," Nyaboke akasema.

"Ribiti?"

"Ribiti zinashika vizuri, lakini zikishapigwa hazifunguki. Kitu kikiharibika ndani tutakifikiaje?"

"Skurubu?"

"Bamba ni jembamba mno. Skurubu haitapata pa kuuma."

Mwalimu akafungua macho. "Basi mmebaki na nini?"

"Boliti na nati," wakasema pamoja.

Hapo ndipo walipokosea. Hawakukosea kuchagua boliti. Walikosea namna ya kuzipata, na kosa lenyewe lilitokana na adabu.

Habari za roboti zilikuwa zimeenea. Watoto wa kina Bonareri wanaunda gari la kubeba chai, watu walisema, kana kwamba Ouko naye alizaliwa pale. Waliposikia kwamba sasa zinatakiwa boliti, kila mtu akapekua kwake. Onyancha, fundi wa baiskeli wa Mosocho, alitoa kiganja kizima. Mjomba wa gerejini akatoa za gari. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli akatoa mbili nene za kizungu zenye rangi ya chokoleti. Mama Nyanchoka, jirani, akang'oa moja kwenye kitanda chake na kufunga kitanda kwa kamba. Zote zikatiwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia.

Nyanya Bonareri alitoa ya mwisho. Ilikuwa imeviringishwa kitambaani. Marehemu mumewe aliwahi kuwa na baiskeli, moja ya zile nyeusi ngumu, na boliti hiyo ilikuwa ya kushikilia kiti. Baiskeli ilikwisha kuuzwa zamani, lakini boliti na nati yake zilibaki kwenye droo.

"Itieni mahali pa maana," akasema. "Babu yako naye apande kilima."

Nyaboke aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa kwa desturi ya watu wa pale, ukipewa kitu hukiweki kando. Aliyekupa atapita siku moja, na jicho lake litakitafuta. Akikikosa hatasema neno, lakini utamwona amesimama kidogo. Kwa hiyo Nyaboke na Ouko waligawa nafasi za kwenye roboti kwa uangalifu kama watu wanaopanga wageni kwenye meza ya harusi. Boliti za Onyancha zikakaa mbele. Za mjomba zikashika mota. Ya Mama Nyanchoka ikashika kikapu. Ya babu wakaitia kwenye gurudumu la nyuma, linalosukuma, mahali pa maana kuliko pote. Palipokosekana nati walitia ya boliti nyingine iliyoonekana kulingana. Hakuna aliyeachwa.

Nyanya aliposikia boliti ya mumewe iko wapi, alikwenda kanisani Jumapili na kuwaambia wanawake wote. Wakakubaliana kwenda mjini pamoja siku ya mashindano, kukiona chuma cha mzee kikipanda.

Majaribio yalifanywa mbele ya shule nzima. Waliinamisha ubao mrefu, wakaweka majani chai kikapuni, Ouko akaunganisha waya. Roboti ikaondoka! Ilipanda kwa mwendo wa mtu mzima mwenye heshima zake, na wanafunzi wakapiga makofi. Ilipofika katikati ya ubao ikaanza kutikisa kichwa. Nati ikadondoka. Nyingine ikafuata. Kikapu kikalala ubavu, mota ikaning'inia, na gurudumu la nyuma likachomoka, likateremka peke yake, likapita katikati ya miguu ya mwalimu mkuu na kuendelea na safari yake hadi uwanjani.

Shule ilicheka wiki nzima. "Nyaboke, gurudumu lako limeonekana likinywa soda Ogembo," walimwambia. Yeye alihesabu siku tu. Mashindano yalikuwa yamekaribia.

"Hatukukaza vizuri," Ouko akasema.

"Tulikaza. Wewe mwenyewe ulikaza hadi ukatoa ulimi."

Wakakaza tena, ikafunguka tena. Alasiri moja Nyaboke aliketi kwenye ngazi za maabara na mkebe mapajani. Akachukua boliti mbili zilizoonekana pacha, akazilaza ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, kisha akaziinua kuelekea jua. Alitarajia meno yaingiliane kama vitana viwili. Hayakuingiliana. Yalianza pamoja, yakapishana, na mwanga ukapenya katikati.

"Ouko, njoo uone."

Ouko akaja, akafumba jicho moja. Akazigeuza, akaziinua tena.

"Si za ukoo mmoja," Nyaboke akasema. "Hii ina meno mapana, hii meno ya karibu karibu. Nati ya hii tumeivisha ile. Inaingia kwa sababu ni pana kidogo, tunadhani imekaza, kumbe imeshika ncha za meno tu. Mota ikitetemeka inateleza."

Walizijaribu zote. Za reli na za kitanda zilikuwa za inchi, za mtindo wa kizamani. Za mjomba zilikuwa za milimita, za magari ya Japani. Za baiskeli zilikuwa na meno yao wenyewe, hazikuafikiana na mtu. Na ya babu, ambayo nati yake ilikuwa imelika kwa miaka, haikushika hata nati iliyozaliwa nayo.

Mwalimu Nyangau aliwasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo?" akauliza, macho yamefungwa.

"Lazima zote ziwe za aina moja."

"Basi mmejua jambo ambalo mimi sikuwafundisha," akasema, akawapa ruhusa ya kwenda mjini.

Duka la vifaa vya ujenzi waliloliendea lilikuwa la Bipin na mkewe Meena. Bipin alikuwa nyuma akipima nyaya, na Meena alikuwa kaunta. Meena alizaliwa Kisii na alikisema Kikisii kwa ufasaha ambao Ouko aliuonea wivu.

"Bwakire," akawaamkia, kisha akaona jinsi Nyaboke alivyoshika mkebe. "Kaeni kwanza. Mkebe umewachosha." Akasukuma kiti kimoja, akaenda ndani na kurudi na kingine, ili asikae mmoja na mwenzake akasimama.

Walimweleza shida yao. Meena akachovya mkono mkebeni, akazigeuza boliti kama mtu anayechagua dengu.

"Mnataka za milimita, nyembamba, zote za spana namba kumi," akasema. "Na kila moja muitie washa ya springi, pete hii iliyokatwa. Mnaona inavyojikunja? Ukiikaza inasukuma nati muda wote, haiachi ilegee."

"Sawa, Mama. Lakini…" Nyaboke akaangalia chini.

Meena alielewa kabla hajamaliza. Akamwita mumewe kwa lugha yao, wakashauriana, na Bipin akaja akatazama mkebe, uso ukamchangamka.

"Hizi za inchi huwa natafuta," akasema. "Kila wiki kuna mtu anakuja na mashine ya zamani, amepoteza boliti moja, hakuna popote. Nipe mkebe, chukua seti yako. Hapo tumesaidiana."

Ouko alikuwa tayari ameunyosha mkono. Nyaboke akaushika mkebe kwa nguvu.

"Siwezi," akasema. "Ni za watu."

"Si walitupatia?" Ouko akamnong'oneza.

"Walitupatia ili nao wawe na mkono kwenye roboti. Hawakutupatia tukabadilishe dukani."

Bipin akataka kusema neno, Meena akamgusa kiwiko. "Mwache," akasema. "Ana haki. Nendeni mkawaulize wenyewe. Seti yenu nitaiweka hapa chini, hakuna atakayeiuza."

Njia nzima ya kurudi Ouko alilalamika. Hata hivyo, alikuwa wa kwanza kuingia kwa Onyancha, fundi wa baiskeli.

"Mzee, tumekuja kukuomba msamaha kuhusu boliti zako."

"Zimevunjika?"

"Hazijavunjika. Hazikubaliani na wenzao."

Onyancha akacheka, akiwa ameshika gurudumu. "Wewe mtoto wa ziwani, mimi nilikupa boliti, sikukupa binti niulizie ameolewa wapi! Zipelekeni mnakotaka."

Mjomba wa gerejini hakujali, alikuwa nazo tele. Mzee wa reli naye alifurahi kusikia kwamba kuna watu mjini wanaozitafuta za kwake. "Nilijua," akasema, "nilijua ni za maana," akamwita mkewe aje asikie. Mama Nyanchoka aliutazama mkebe kwa muda, kisha akauliza kama, ikiwa ni hivyo, ya kwake haihitajiki tena. Nyaboke akaielewa sauti ile. Walimrudishia papo hapo, na Ouko akaingia ndani, akafungua kamba na kukifunga kitanda sawasawa. Mama Nyanchoka aliwapa ndizi za kubeba, ingawa walikataa mara mbili.

Akabaki nyanya.

Walimkuta uani akichagua mahindi. Ouko, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, ghafla akaona kuna kuku anayehitaji kufukuzwa upande wa pili wa nyumba. Nyaboke akaketi chini karibu na ungo.

"Nyanya, nina jambo."

"Liseme, mama."

"Boliti ya babu. Ndiyo iliyotoa gurudumu."

Bonareri hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutenga mahindi mazima na mabovu, lakini polepole zaidi. "Hamkuikaza," akasema.

"Tuliikaza."

"Babu yako aliikalia miaka mingi. Haikumwangusha."

Nyaboke akaigusa boliti mfukoni. Angeweza kuitia mahali pasipo na kazi, kwenye ukingo wa bamba, ipambe tu, na nyanya asingejua tofauti. Ouko alikuwa amelipendekeza hilo njiani. Lakini alimjua nyanya yake: angeuliza ni kazi gani inayofanya pale, na Nyaboke asingeweza kumdanganya machoni. Akaitoa boliti mfukoni, akaivisha nati yake, akaikaza kwa spana mbele yake kadiri ya nguvu zake. Kisha akampa.

"Vuta, nyanya."

Bonareri akafuta mikono kwa leso. Akashika boliti kwa mkono huu, nati kwa mkono ule, akavuta kidogo tu. Nati ikatoka kama kifuniko cha chungu.

Akaitazama. Akairudisha, akavuta tena, ikatoka tena. Nyaboke alitamani ardhi immeze. Mara mabega ya mama yule yakaanza kutikisika.

"Huyu mzee!" akasema, na kicheko kikamtoka. "Huyu mzee wangu! Hata alipokuwa hai alikuwa hivi hivi. Unamkaza hapa, anachomoka pale. Unadhani yuko shambani, kumbe yuko Ogembo anacheza bao la ajua na rafiki zake!" Alicheka hadi akajipangusa machozi kwa upindo wa leso, na Ouko akaibuka nyuma ya nyumba kuona kulikoni. "Njoo, mwana wa ziwani, acha kumtesa kuku wangu. Kumbe mlikuwa mnaniogopa?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, nyanya," Ouko akasema.

"Uongo mtupu. Ketini."

Walipokwisha kula, kicheko kilififia usoni mwake. "Lakini wale wanawake wa kanisa," akasema. "Nimewaambia wote. Wameshafua nguo."

"Nitawaambia mimi," Nyaboke akasema.

"Hapana. Ni mume wangu, nitasema mwenyewe. Wewe nenda ukachukue hizo boliti zako zenye tabia njema."

Walimpelekea Bipin mkebe, wakachukua seti, wakaunda roboti upya kwa boliti za aina moja na spana moja, na washa ya springi chini ya kila nati. Mara hii walipoiwasha haikutikisa kichwa. Waliipandisha na kuishusha, wakaipandisha na kuishusha, mpaka Mwalimu Nyangau akawaambia waiache ipumzike nayo.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Shule nyingine zilikuwa zimeleta sabuni za majani, majiko ya jua, na mtambo wa kuatamia mayai uliokuwa na kifaranga halisi ndani, ambao ulipendwa na kila mtu. Wanawake wa kanisa waliingia kwa safu, Bonareri mbele, wakakalia benchi zima.

"Sasa hicho chuma cha mzee kiko wapi?" Mama Nyanchoka akauliza kwa sauti iliyofika mbali.

Bonareri akajinyoosha. "Amekataa kupanda kilima. Nimemwacha nyumbani amelala."

Benchi zima likaangua kicheko, na mwamuzi mmoja akageuka kuona kuna nini. Meza iliyofuata ilikuwa ya Nyaboke.

Nyaboke aliweka majani kikapuni. Yalikuwa yamechumwa asubuhi ile na mikono ya nyanya yake, majani mawili na chipukizi, bado yana umande. Ouko akaunganisha waya na kurudi nyuma. Mota ikanguruma, mpira wa slipa ukang'ang'ania ubao, na roboti ikaanza kupanda. Ilipita pale katikati ilipoanguka siku ile. Nyaboke aligundua kwamba hapumui. Ilifika juu, ikagusa ubao wa kuizuia, mkono wa erio ukainua kikapu, majani yakamwagika kwenye beseni. Kisha ikarudi nyuma kwa utulivu, ikateremka yenyewe.

Mwamuzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakupiga makofi. Aliinama, akaitazama kwa chini.

"Nikikuambia gurudumu hili limeharibika," akasema, "utafanya nini?"

Nyaboke akanyoosha mkono mezani. Akachukua spana, moja tu, akafungua boliti, akatoa gurudumu, akalionyesha, akalirudisha, akakaza. Ouko alikuwa amejiandaa kueleza, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona hakuna haja.

"Iwasheni tena," mwamuzi akasema.

Ikapanda tena.

Kifaranga ndicho kilichoshinda. Kilizua kicheko na huruma kwa kila aliyekitazama, na hakuna roboti inayoweza kushindana na kifaranga. Ya kwao ilikuwa ya pili, na mwaka ule mshindi wa pili naye alikwenda Kisumu, hivyo shati la Ouko halikukosa safari.

Lakini Nyaboke hakuyasikia matokeo yalipotangazwa. Alikuwa bado anawaza alichokiona kwenye benchi la wanawake. Roboti ilipopanda mara ya pili, Bonareri alikuwa ameinuka kitini bila kujua, mkono mmoja umeshika kiuno, kama afanyavyo akipanda kilima chake. Na majani yalipomwagika juu, mkono ule ukatoka kiunoni polepole, ukashuka. Akavuta pumzi ndefu, akaketi, akamwegemea Mama Nyanchoka na kumwambia jambo.

Baadaye Nyaboke alimwuliza alisema nini.

"Nilimwambia imefika na haijasimama kusalimia mtu," nyanya akasema, akamshika mkono wakatoka nje, kulikokuwa na jua.